Kisiwa Kisicho na Mto: Maji, Moto na Ardhi katika Historia ya Ngazija

Mtu aliyelelewa Mngeta hawezi kwa urahisi kuufikiri ulimwengu usio na mito. Upande mmoja wa upeo wake imesimama milima ya Udzungwa, na kutoka katika makunjo ya milima hiyo hushuka mto mmoja baada ya mwingine: Mngeta wenyewe, Ruipa, Kihansi, Lumemo upitao karibu na mji wa Ifakara, na vijito vingi visivyoandikwa katika ramani za shuleni. Yote huelekea Mto Kilombero. Masika yanaposhika, mto huo huvunja kingo zake na bonde hugeuka kuwa ziwa lililoota majani. Wandamba, wenyeji wa bonde hili tangu zamani, walijifunza kuishi kwa kuyafuata maji, wakilima mpunga na kuvua samaki kwa kadiri yalivyopanda na kushuka, na kujenga vibanda vya msimu huko mbugani. Hata reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilibidi ivuke madaraja mengi ili ipite chini ya milima hiyo. Hapa kwetu maji huogopwa kwa wingi wake kabla ya kuogopwa kwa uchache wake.

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za volkeno, nikataja Ngazija, kisiwa kilicho karibu sana nasi kwa nasaba na kwa lugha, nikasema kwamba kisiwa hicho chote hakina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima wa mpunga, akainua mkono. "Mwalimu," akauliza, "sasa watu wa huko wanakunywa nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo ndilo mlango wa historia yote ya kisiwa kile, na vitabu vingi huupita mlango huo bila kuubisha. Nilimjibu kwa ufupi kwamba wanakunywa mvua ya mwaka jana. Makala haya ni jibu langu refu.

Ngazija ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vinne vya Komoro. Vingine ni Mwali, Nzwani na Maore. Viko baharini kati ya pwani ya kaskazini ya Msumbiji na kisiwa cha Bukini, ambacho leo huitwa Madagaska. Ngazija kina urefu wa kilometa zaidi ya 60 na upana usiofika nusu ya urefu huo, na juu yake wanaishi watu zaidi ya 350,000. Lugha yao, Shingazija, ni ndugu wa Kiswahili, na Mswahili akikaa nao miezi michache huanza kuielewa. Nchi yao huitwa Udzima wa Komori, na udzima maana yake ni umoja. Dini yao ni Uislamu. Mji mkuu, Moroni, una msikiti wa kale wa Ijumaa ambao wenyewe huuhesabu kuwa ulijengwa mwaka 1427.

Visiwa hivi vyote vinne vilizaliwa kwa moto kutoka chini ya bahari, lakini havikuzaliwa siku moja. Maore ni mkongwe. Mvua ya mamilioni ya miaka imemlainisha, ikamchimbia mabonde na kumtengenezea udongo. Nzwani na Mwali ni wa makamo, na mito wanayo. Ngazija ni kitinda mimba. Mlima wake, Karthala, wenye kimo cha meta 2,361, haujazimika hadi leo. Una kasoko kubwa kileleni, yenye upana wa kilometa kadhaa, na kutoka kileleni hapo nyufa zimeteremka kuelekea kaskazini na kusini-mashariki. Mara nyingine moto hutokea kileleni. Mara nyingine hutokea katika nyufa hizo, ubavuni, karibu na nyumba za watu. Wazee husimulia kwamba zamani jini mmoja aliangusha baharini pete iliyokuwa ya Malkia Bilkisi, na mahali ilipozama paliinuka tanuri la moto, ndilo Karthala. Hadithi hii haipaswi kubezwa darasani. Walioitunga walikwisha kutambua kwamba kisiwa chao kilitoka chini ya bahari, tena kwa moto, na jambo hilo wataalamu wa miamba walikuja kulithibitisha baadaye sana.

Sasa tutazame jambo la ajabu. Bonde la Kilombero hupata mvua ya kiasi cha milimeta 1,200 hadi 1,600 kwa mwaka, nasi tunazama. Mteremko wa magharibi wa Karthala, unaopokea mawingu ya kaskazi, hupata zaidi ya milimeta 4,000 katika sehemu zake za juu, lakini mteremko huo hauna mto. Mvua ya huko ni maradufu ya yetu na zaidi, na bado mtu aweza kufa kwa kiu chini ya mlima huo. Sababu iko katika mwamba. Milima ya Udzungwa imejengwa kwa mawe magumu ya kale sana, yaliyofunikwa udongo na msitu. Maji yakinyesha juu yake hushikwa, huchujwa, kisha hutolewa kidogo kidogo kama mama anayempakulia mtoto. Karthala umejengwa kwa lava, yaani mawe yaliyotoka ardhini yakiwa ujiuji wa moto, yakaganda juzijuzi kwa hesabu ya miamba. Mawe hayo yamejaa matundu, nyufa na mapango. Mvua inyeshayo juu yake hupotea kama maji yaliyomwagwa juu ya chujio. Hupita ndani ya mlima gizani, na mwishowe hutokea ufukweni chini ya usawa wa bahari, hapo yanapochanganyika na chumvi.

Kwa hiyo kisima kilichochimbwa karibu na pwani ya Ngazija hupanda na kushuka pamoja na bahari, na ladha yake hubadilika kwa saa. Maji baridi, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi; anayeteka kwa pupa huyavuta ya chini. Waliochimba visima vile walipaswa kujua saa ya kuteka na kiasi cha kuteka. Elimu hii ilikuwako kabla ya shule.

Hata hivyo kisima hakikutosha, na hapo ndipo ustadi wa watu wa Ngazija ulipoonekana. Walijenga birika. Namwomba msomaji wa bara asifikiri juu ya birika la chai: katika usemi wa pwani birika ni tangi la mawe na chokaa linalojengwa ili kuhifadhi maji, hasa msikitini kwa ajili ya udhu. Katika miji mingi ya Waswahili birika ni sehemu ya msikiti tu. Katika Ngazija ni sehemu ya maisha yenyewe. Mvua hupokelewa juu ya paa la nyumba na la msikiti, huongozwa kwa mfereji hadi katika birika, na hukaa humo kungojea miezi ya kusi, wakati mbingu zinapofunga. Palipokuwa na birika kubwa pangeweza kuwa na mji. Mtu aliyejenga birika la umma alikumbukwa kama mtu aliyejenga msikiti. Twaweza kusema bila kukosea kwamba sisi katika Kilombero tulijenga vijiji vyetu kwa kukwepa maji, nao walijenga miji yao kwa kuyakamata.

Ukosefu huu wa maji uliamua hata nani aje na nani apite. Tangu karne ya 16 na ya 17 merikebu za Ulaya zilizokuwa zikienda Bara Hindi zilihitaji mahali pa kujaza mapipa, na baada ya muda zilijifunza kuiacha Ngazija na kwenda Nzwani, kwenye mito. Kabla ya kujifunza, zilipata hasara. Mwaka 1591 Mwingereza James Lancaster alitia nanga Ngazija, na mabaharia wake waliposhuka kutafuta maji walishambuliwa. Watu wapatao 30 waliuawa. Waandishi wa Ulaya walilieleza tukio hilo kuwa ni hila ya wenyeji. Sisi hatukuwapo, lakini tuna haki ya kuuliza swali ambalo wao hawakuliuliza: wageni wenye silaha wanapokuja kuchota mapipa na mapipa ya maji katika nchi ambayo kila kata imehesabiwa, mwenyeji ayaone maji hayo kuwa ni zawadi au ni wizi?

Hatari nyingine ilitoka mashariki. Tangu mwisho wa karne ya 18 hadi mwanzo wa karne ya 19 mashua za wavamizi kutoka Bukini zilikuja kuteka watumwa. Watu wa Ngazija walijibu kwa kutumia kile kile walichopewa na mlima: mawe meusi ya lava. Walizungusha kuta nene katika miji ya Itsandra, Ntsudjini, Iconi na mingineyo, na mabaki yake yangali yanaonekana. Iconi hukumbukwa zaidi kwa msiba wake. Wanawake wa mji huo, walipoona kwamba watatekwa, walipanda jabali lililo juu ya bahari wakajirusha. Jabali hilo nalo ni mabaki ya volkeno ndogo ya kale.

Nimesema maneno mengi juu ya maji, na sasa niseme juu ya ardhi, kwa sababu katika kisiwa cha namna hii ardhi nayo ni haba, ingawa ramani haionyeshi. Sehemu kubwa ya Ngazija imefunikwa na lava changa ambayo juu yake hauoti ila mmea wa kuvu na kichaka. Hapa unaweza kukutana na kipande cha udongo mweusi wenye rutuba, uwezao kukuza migomba, majimbi, mihogo, mbaazi na minazi, na hatua mia moja kutoka hapo ukakuta uwanja wa mawe makali kama vigae. Udongo hutegemea umri wa lava, na umri wa lava hutegemea bahati. Mwenye shamba zuri leo aweza kuamka kesho halipo.

Katika hali hiyo watu wa Ngazija waliweka desturi iitwayo manyahuli. Ardhi ya ukoo na nyumba hurithiwa kwa upande wa mama: kutoka kwa mama kwenda kwa binti zake, na kwa binti za hao. Kaka hulinda na kusimamia, lakini hawezi kuuza. Binti anapoolewa, jamaa zake humjengea nyumba, na mume ndiye anayehamia. Wasomaji wa mkoa wetu wa Morogoro hawatashangaa sana, maana Waluguru nao huhesabu ukoo kwa mama. Kinachostaajabisha ni kwamba Wangazija ni Waislamu wa kale, wenye masheikh wakubwa, na sheria ya Kiislamu ya mirathi humpa mwanamume fungu kubwa kuliko mwanamke. Wameishi na sheria zote mbili kwa karne nyingi, wakitumia hii hapa na ile pale. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya mgongano huo. Mimi naona kwamba manyahuli ilikuwa birika la namna nyingine: ilizuia ardhi isivuje. Kipande kidogo kinachogawanywa kwa wana wote kila kizazi huisha, na kipande kinachouzwa na mtu mmoja aliyebanwa na deni hupotea kwa wote. Kikishikwa na mabinti wa ukoo mmoja, hubaki.

Desturi hii ndiyo iliyokutana na karatasi ya mwaka 1885.

Kabla ya mwaka huo Ngazija haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na masultani wengi, wa Bambao, Itsandra, Mitsamihuli, Mbadjini, Washili na wengineo, na mmoja wao alipewa heshima ya ukubwa juu ya wenzake, akiitwa ntibe. Heshima hiyo iligombaniwa kwa vita. Sultani Said Ali bin Said Omar wa Bambao aliipata kwa msaada wa nje, na aliyesaidiwa hudaiwa. Mwaka 1884 alifika Mfaransa Léon Humblot, aliyejulisha kuwa ni mtafiti wa mimea na wanyama. Mwaka uliofuata alikuwa na mkataba uliotiwa saini na Said Ali, uliompa haki ya kuchukua na kulima ardhi yoyote ya kisiwa aliyoipenda, naye Sultani apate sehemu ndogo ya faida. Mwaka 1886 Ufaransa ikatangaza ulinzi wake juu ya kisiwa. Mwaka 1889 Humblot huyo huyo akawa mwakilishi wa serikali ya Ufaransa, hata ikawa mfanyabiashara na mtawala ni mtu mmoja. Mwaka 1893 Sultani alishtakiwa kwa njama, akahamishwa, na hakupata kutawala tena. Mwaka 1912 Ufaransa ilikiunganisha rasmi kisiwa na makoloni yake.

Hapa wanafunzi hunijibu haraka kwamba Sultani aliiuza nchi yake. Jibu hilo si sahihi. Kwa desturi ya Ngazija, Sultani alikuwa mtawala. Hakuwa mwenye mashamba. Mashamba yalikuwa ya koo, na katika koo yalikuwa ya wanawake. Said Ali alitia saini juu ya kitu kisichokuwa chake, na Humblot alinunua kwa mtu asiyeweza kuuza. Kama mwanamke mmoja tu wa ukoo mmoja angeulizwa, mkataba ungekwama. Hakuulizwa. Kampuni ya Humblot ilikuja kushika karibu nusu ya kisiwa, tena nusu ile yenye udongo na misitu, kwenye miteremko ya Karthala. Huko ilipanda vanila, na baadaye kulisitawi mlangilangi, ule mti ambao maua yake hutoa mafuta ya manukato. Wenyeji walisukumwa chini, kwenye lava na kwenye visima vya chumvi, kisha wakaitwa kwenda juu kufanya kazi katika mashamba yaliyokuwa ya bibi zao.

Watu husema Ngazija ni nchi maskini kwa sababu ya volkeno. Nimeyasoma maneno hayo katika vitabu kadhaa na kila mara hunikera. Mlima ule umekuwa ukitoa moto mara kwa mara kwa muda wote tunaoufahamu, zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19 ilipoanza. Mwaka 1903 hewa yake ya sumu iliua watu 17. Ni mlima wa kuogopwa. Lakini mlima ukichukua shamba huchukua la huyu na kuacha la yule, na lava yake, baada ya vizazi vya kutosha, hurudisha udongo. Kampuni ilichukua ya wote kwa siku moja na haikurudisha kwa hiari.

Matokeo yake yalionekana hata kwetu. Njaa ya ardhi, pamoja na gharama za harusi kubwa ya kimila ambayo kila mwanamume wa Ngazija hutarajiwa kuitimiza ili ahesabiwe kuwa mtu mzima katika mji wake, iliwatuma vijana ng'ambo. Walikwenda Bukini na walikuja Unguja. Katika Unguja Wangazija walikuwa walimu, makarani, mabaharia na watumishi, na hata kabla ya wimbi hilo kisiwa chao kilikuwa kimekwisha kutupa wanazuoni. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, alikuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925. Habib Saleh, aliyeufanya mji wa Lamu kuwa chuo kwa msikiti wake wa Riyadha, naye alitoka Ngazija. Katika miaka ya 1960 wana wa visiwa hivyo waliokuwa wakiishi kwetu waliunda chama cha ukombozi, MOLINACO, kilichofanyia kazi zake Dar es Salaam. Kisiwa kisichoweza kuwashika watu wake kwa maji wala kwa ardhi kiliwashika kwa harusi: kijana angeweza kukaa Unguja au, katika siku hizi, Marseille, miaka 20, lakini fedha zake zingerudi nyumbani, kwa sababu heshima yake ilikuwa huko, katika bangwe, ule uwanja wa mji ambapo wazee huketi juu ya mabaraza ya mawe kulingana na daraja zao.

Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975. Maore ilibaki chini ya Ufaransa, na jambo hilo halijakwisha hadi leo. Kabla mwezi mmoja haujapita, mapinduzi yalifanyika, na punde Ali Soilih akashika hatamu. Aliitaka nchi ijitegemee, akazipiga vita desturi za gharama, pamoja na harusi kubwa. Sitaingia katika hukumu ya utawala wake, uliokwisha mwaka 1978 kwa mamluki wa Mfaransa Bob Denard. Nataka tu msomaji ajue ni nchi ya namna gani iliyokutana na mambo mawili yaliyofuata. Desemba 1976, katika mji wa Mahajanga huko Madagaska, Wakomoro waliokuwa wakiishi huko kwa vizazi walishambuliwa, wakauawa zaidi ya 1,000. Walionusurika, zaidi ya 15,000, walirudishwa visiwani kwa ndege na meli. Wengi wao walikuwa wa asili ya Ngazija. Kisiwa kilichokuwa kimewatoa kwa sababu ya uhaba kililazimika kuwapokea kwa mara moja.

Kabla hawajapata pa kukaa, mlima uliamka. Ilikuwa Aprili 1977. Moto haukutokea kileleni, ambako watu wamezoea kuutazama. Ulitokea ubavuni mwa kusini-magharibi, chini kabisa, si mbali juu ya kijiji cha Singani. Lava ya Karthala ni nyepesi, hutiririka kama uji, na mtu mwenye miguu mizima huweza kuikimbia. Nyumba haikimbii. Watu wa Singani na wa Hetsa jirani, kiasi cha 4,000, waliondolewa. Lava ikapita katikati ya Singani, ikafukia nyumba, mashamba na mabirika, ikaendelea kuteremka hadi ikaingia baharini kwa mvuke mkubwa. Kwa siku chache tu kijiji kilikuwa kimekuwa uwanja mweusi.

Tangu wakati huo kisiwa kimejitahidi kuujua mlima wake. Kituo cha kuuangalia kilianzishwa mwaka 1988, na vyombo vyake husikiliza mitetemo ya ardhi usiku na mchana. Mwaka 1991 mlipuko ulisababishwa na maji yaliyokutana na moto ndani ya kasoko. Mwaka 2005 mlima uligusa penye udhaifu mkubwa wa watu, yaani maji yao. Mwezi wa Aprili, kisha tena Novemba, ulirusha majivu mengi yaliyofunika vijiji, na maelfu walikimbia. Majivu ya Novemba yalianguka wakati ule ule ambapo mabirika hungoja mvua za kaskazi. Yaliingia humo, na maji ya watu wengi mno hayakufaa kunywewa. Majivu hayo hayo yaliziba matundu ya miteremko, hata mvua ambayo zamani ilizama sasa ikawa inateremka kwa nguvu. Aprili 2012 mvua kubwa ilileta mafuriko, na yakafika hata kwenye visima vya Vouvouni vinavyoupa mji wa Moroni maji yake. Kisiwa kisicho na mto kikaonja gharika. Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hiyo, ndipo kwa mara ya kwanza waliposema kwamba wanawaelewa watu wa Ngazija.

Chini ya bahari, mbele ya pwani ya magharibi, lava hiyo imejenga mapango ambamo huishi samaki wa kale sana, gombesa, ambaye wataalamu walidhani alikwisha toweka pamoja na wanyama wakubwa wa zamani. Wavuvi wa Komoro walimjua siku zote na hawakumthamini, kwa kuwa nyama yake haifai. Nimemtaja kwa sababu wanafunzi hupenda kumtajiwa, na kwa sababu yeye naye ni mpangaji wa Karthala.

Lakini nirudi Singani. Mgeni angetazamia kwamba watu waliofukiwa kijiji chao wangehamia mahali pengine, mbali na ubavu ule uliopasuka. Baadhi walikwenda. Wengi walirudi. Mtu wa Kilombero ambaye nyumba yake huchukuliwa na mafuriko huweza kujenga juu zaidi, kwa kuwa ardhi ipo. Mtu wa Singani angekwenda wapi? Kila kipande cha kisiwa kina mama wa ukoo anayekimiliki, na ardhi ya ukoo wake yeye ilikuwa pale pale, chini ya lava, na mipaka yake ilikuwa ingali vichwani mwa wazee. Basi walijenga tena juu ya mwamba mpya. Mawe ya kujengea hayakuwa na haja ya kutafutwa mbali. Miti michache imeanza kushika mizizi katika nyufa, na ubavuni mwa nyumba, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 1977, yapo matangi yanayopokea mvua kutoka katika mapaa.